Kuachishwa jeshi kwa utovu wa nidhamu

Kuachishwa jeshi kwa utovu wa nidhamu ni kumwondoa askari katika utumishi wa kijeshi kabla ya wakati wake, ama kwa sababu amepatikana na kosa, ama kwa sababu wakuu wake wameona mwenendo wake haumruhusu kuendelea kuvaa sare. Ni tofauti na kustaafu, kumaliza mkataba au kuondolewa kwa sababu ya ugonjwa.

Athari zake mara nyingi hudumu kuliko adhabu yenyewe. Aliyefungwa miezi sita hutoka gerezani baada ya miezi sita, lakini maneno yaliyoandikwa katika kumbukumbu zake za utumishi hubaki pale pale na kusomwa na kila mwajiri atakayeyauliza. Kwa sababu hiyo askari wa zamani katika nchi mbalimbali wameomba maneno hayo yabadilishwe, wengine baada ya miaka mingi. Makala hii inaeleza jinsi suala hilo lilivyotokea katika historia ya Tanzania, jinsi nchi nyingine zinavyolishughulikia, na maana yake kwa watu wa maeneo kama Ifakara na bonde la Kilombero, mkoani Morogoro.

== Namna za kuondoka jeshini ==

Askari anaweza kutoka jeshini kwa njia kuu tatu.

Njia ya kwanza ni ya kawaida: muda umekwisha, umri umefika au afya imeshindwa. Askari hupewa cheti cha utumishi na stahili zake.

Njia ya pili ni amri ya utawala. Hapa hakuna kesi. Wakuu wa jeshi huamua kwamba askari hafai au hahitajiki tena, na utumishi wake hukatishwa. Uamuzi huu ni wa haraka, na mara nyingi maelezo yake ni machache.

Njia ya tatu ni hukumu ya mahakama ya kijeshi. Askari hushtakiwa kwa kosa kama utoro, kutotii amri, wizi au maasi. Akipatikana na hatia anaweza kufungwa, kupokonywa cheo au kufukuzwa jeshini. Katika majeshi mengi kufukuzwa kwa aibu ni mojawapo ya adhabu nzito kabisa.

Tofauti kati ya njia ya pili na ya tatu ni muhimu kwa anayetaka kusafishwa jina. Aliyehukumiwa ana mwenendo wa kesi, yaani mashtaka, ushahidi na sababu za hukumu, na anaweza kuonyesha kosa lilipotokea. Aliyeondolewa kwa amri huenda ana barua moja tu mkononi.

== Askari wa kikoloni na cheti cha utumishi ==

Thamani ya karatasi ya jeshi ilijulikana Afrika Mashariki tangu zamani. Bonde la Kilombero lenyewe lilikuwa uwanja wa mapambano wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Mwaka 1917 sehemu ya jeshi la Wajerumani ilishikilia Mahenge, ng'ambo ya mto Kilombero kutoka Ifakara, hadi mji huo ulipotekwa na jeshi la Wabelgiji mwezi Oktoba. Askari Waafrika walipigana pande zote, na watu wengi wa vijijini walichukuliwa kuwa wapagazi.

Mwaka 1964, miaka 46 baada ya vita hivyo kwisha, bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa askari wa zamani wa Afrika Mashariki ya Kijerumani waliokuwa bado hai. Inasimuliwa kwamba wazee wapatao 350 walijitokeza Mwanza, lakini wachache tu walikuwa na vyeti vyao vya mwaka 1918. Wengine walipewa ufagio mahali pa bunduki, wakaamriwa kwa Kijerumani kufanya gwaride. Wote walizikumbuka amri.

Wazee hao hawakutuhumiwa kosa lolote. Hata hivyo kisa chao kinaonyesha tatizo linalowakabili pia walioachishwa kwa makosa: haki ya askari wa zamani hutegemea karatasi, na karatasi hupotea.

== Maasi ya mwaka 1964 ==

Tukio kubwa zaidi la kuachishwa jeshi katika historia ya Tanzania lilitokea mwaka huohuo wa 1964.

Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, ilirithi vikosi vya 6 na 26 vya King's African Rifles, vikaitwa Tanganyika Rifles. Maofisa wengi walibaki kuwa Waingereza. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964, askari wa kikosi cha kwanza katika kambi ya Colito, Dar es Salaam (leo Lugalo), waliasi. Walidai nyongeza ya mishahara na kuondolewa kwa maofisa Waingereza ili Waafrika washike nafasi zao. Kikosi cha pili kilichokuwa Tabora kilifuata. Katika siku hizohizo askari waliasi pia Jinja nchini Uganda na Lanet nchini Kenya.

Waziri Oscar Kambona alizungumza na waasi, na maofisa Waingereza wakasafirishwa nje ya nchi. Serikali iliomba msaada wa Uingereza. Asubuhi ya tarehe 25 Januari makomando kutoka meli ya HMS Centaur walishuka Colito kwa helikopta, na kambi ikasalimu amri kwa muda mfupi.

Baada ya hapo wahusika walishughulikiwa kwa njia mbili.

Wachache walioonekana kuwa viongozi walifikishwa mbele ya mahakama maalumu ya kijeshi. Sajini Francis Hingo Ilogi alipata kifungo cha miaka 15, na wenzake waliopatikana na hatia walipata vifungo vifupi zaidi. Rais Julius Nyerere alieleza hadharani kwamba aliziona adhabu hizo kuwa ndogo, lakini aliiacha hukumu ya mahakama isimame.

Wengine walio wengi hawakushtakiwa. Jeshi lenyewe lilivunjwa, nao wakanyang'anywa silaha na kurudishwa makwao. Nyerere aliwaita vijana, hasa wa Umoja wa Vijana wa TANU, wajiandikishe katika jeshi jipya. Kikosi kutoka Nigeria kilikuja kusaidia ulinzi wakati jeshi hilo likiandaliwa. Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lilianzishwa rasmi tarehe 1 Septemba 1964, na Mirisho Sarakikya akawa mkuu wake wa kwanza. Baadhi ya maofisa na askari ambao hawakuhusika na maasi waliendelea na utumishi katika jeshi jipya.

Kwa upande wa serikali, kuvunja jeshi zima kulikuwa na sababu iliyo wazi. Taifa lilikuwa na umri wa miaka miwili tu, na askari wake walikuwa wamemfanya Rais kujificha. Kuwatenganisha wakosaji na wasio wakosaji, mtu mmoja mmoja, kungechukua muda mrefu, huku nchi haina jeshi la kuaminika. Kwa upande wa askari, hatua hiyo iliacha swali gumu. Aliyekuwa amelala bwenini na aliyeshika bunduki langoni walitoka katika kambi ileile, mwaka uleule. Aliyehukumiwa alijua kosa lake na muda wa kifungo chake. Aliyerudishwa nyumbani bila kesi hakuwa na hukumu ya kukatia rufaa.

== Msamaha na kusafishwa jina ==

Mambo mawili huchanganywa mara nyingi: kusamehewa na kusafishwa jina.

Msamaha huondoa adhabu au kuipunguza. Hausemi kwamba kosa halikutendeka. Kusafishwa jina ni kutamka kwamba uamuzi wa awali ulikuwa na kasoro, au kwamba haustahili kuendelea kusimama, na kwa hiyo kumbukumbu zinarekebishwa.

Mfano wa msamaha nchini Tanzania ni kesi ya uhaini iliyotokana na njama ya kuipindua serikali iliyogunduliwa Januari 1983. Miongoni mwa maofisa wa jeshi waliohukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1985 alikuwa Kapteni Zacharia Hans Poppe. Yeye na wenzake waliachiwa mwaka 1995 kwa msamaha wa Rais Ali Hassan Mwinyi. Hans Poppe akawa mfanyabiashara, na baadaye kiongozi maarufu wa klabu ya Simba, hadi kifo chake mwaka 2021. Msamaha ulimpa uhuru wake na nafasi ya kujenga maisha mengine. Haukuwa tamko la kubatilisha hukumu.

Uingereza inatoa mfano ulio wazi zaidi. Sheria ya mwaka 2006 iliwasamehe askari 306 waliouawa kwa kupigwa risasi na jeshi lao wenyewe wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kwa makosa kama utoro na woga. Sheria hiyohiyo ilisema msamaha huo haubadilishi hukumu zilizotolewa.

== Nchi nyingine ==

=== Marekani ===

Marekani ndiyo nchi inayojulikana zaidi kwa utaratibu wa kubadilisha sifa ya kuondoka jeshini. Kila askari anayetoka hupewa daraja. La juu ni kuondoka kwa heshima. Chini yake kuna kuondoka kwa masharti ya jumla, kisha kuondoka katika hali isiyo ya heshima kwa amri ya utawala. Madaraja mawili ya chini kabisa, la mwenendo mbaya na la kuvunjiwa heshima, hutolewa kwa hukumu ya mahakama ya kijeshi. Daraja huathiri haki ya kusomeshwa, matibabu na misaada mingine ya askari wa zamani.

Sheria ya mwaka 1944 iliyowapa misaada askari waliotoka Vita Kuu ya Pili iliunda pia mabaraza ya kupitia upya vyeti hivyo. Maombi kwa mabaraza hayo hupelekwa ndani ya miaka 15 tangu askari aondoke. Kuna mabaraza mengine yenye mamlaka makubwa zaidi ya kusahihisha kumbukumbu za kijeshi. Kwa hayo, muda wa kawaida ni miaka mitatu tangu kosa katika kumbukumbu ligunduliwe, ingawa yanaweza kuongeza muda kwa ajili ya haki.

Mwombaji huonyesha mojawapo ya mambo mawili: kwamba utaratibu ulikiukwa, au kwamba adhabu haikuwa ya haki ukizingatia hali yake yote. Mwaka 2014 Waziri wa Ulinzi Chuck Hagel aliagiza kwamba maombi ya askari wenye maradhi ya akili yatokanayo na kiwewe cha vita yaangaliwe kwa upole zaidi. Ilikuwa imeonekana kwamba ulevi, utoro au ugomvi wa baadhi yao ulikuwa dalili ya ugonjwa ambao haukutambuliwa wakati wa kuwaondoa.

Kisa maarufu ni cha Brownsville, Texas. Mwaka 1906 Rais Theodore Roosevelt aliwaondoa bila heshima askari 167 weusi, baada ya watu kupigwa risasi mjini na askari hao kusema hawawajui wahusika. Hakuna aliyepelekwa mahakamani. Mwaka 1972 jeshi lilibadilisha kumbukumbu zao kuwa za kuondoka kwa heshima. Karibu wote walikuwa wamekwisha kufa. Dorsie Willis, mzee aliyekuwa bado hai, alilipwa dola 25,000.

=== Kenya ===

Tarehe 1 Agosti 1982 askari wa Jeshi la Anga la Kenya walijaribu kuipindua serikali ya Rais Daniel arap Moi. Jaribio lilishindwa siku hiyohiyo. Jeshi la anga lilivunjwa na kuundwa upya, na askari wake wengi walikamatwa, wakiwemo waliosema hawakushiriki. Miaka mingi baadaye baadhi yao walikwenda mahakamani kudai fidia kwa kuteswa, kuwekwa kizuizini na kufukuzwa isivyo halali. Wapo walioshinda, na wapo waliokataliwa kwa sababu walichelewa mno au hawakuwa na ushahidi wa kutosha. Kesi hizo zimeonyesha kwamba kuchelewa kunaweza kumnyima haki hata mtu mwenye malalamiko ya kweli.

== Njia zilizopo Tanzania ==

Tanzania haina madaraja ya vyeti kama ya Marekani. Nidhamu ya JWTZ inasimamiwa na Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya mwaka 1966, Sura ya 192, pamoja na kanuni zake. Anayeona ameachishwa isivyo haki anaweza kufikiria njia nne.

* Malalamiko ndani ya jeshi. Askari hupeleka lalamiko kwa kamanda wake, kisha kwa ngazi za juu. Njia hii hufaa zaidi kabla uamuzi haujakamilika.
* Rufaa. Aliyehukumiwa na mahakama ya kijeshi hukata rufaa kwa utaratibu wa sheria. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na haki ya kukata rufaa au kupata nafuu nyingine ya kisheria.
* Mapitio ya Mahakama Kuu. Mwombaji huiomba mahakama itengue uamuzi wa mamlaka ya umma. Kwanza huomba kibali, na kwa kawaida maombi hayo hupelekwa ndani ya miezi 6 tangu uamuzi utolewe. Mahakama haiulizi kama mtu alikuwa askari mzuri. Huuliza kama alisikilizwa, kama aliyemwondoa alikuwa na mamlaka na kama sheria ilifuatwa.
* Msamaha wa Rais. Ibara ya 45 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kumsamehe mtu aliyehukumiwa na kufuta au kupunguza adhabu yake. Rais ndiye pia Amiri Jeshi Mkuu.

Anayetaka kuidai serikali fidia kwa kesi ya madai hutakiwa kutoa notisi ya siku 90 kabla ya kufungua kesi.

Katika njia zote hizo muda ni jambo la kwanza, na nyaraka ni la pili. Barua ya kuachishwa, hati ya mashtaka, mwenendo wa kesi, kumbukumbu za matibabu na barua za watu waliomjua askari kazini ndizo zinazobeba maombi.

== Bonde la Kilombero ==

Bonde la Kilombero lina uhusiano wa karibu na utumishi wa kijeshi kupitia Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), lililoanzishwa tarehe 10 Julai 1963. Kambi ya JKT ya Chita, kikosi cha 837 KJ, iko katika bonde hilo na inajulikana kwa kilimo cha mpunga. Kwa vijana wengi nchini mafunzo ya JKT ni mlango wa kuingia JWTZ, Polisi, Magereza au kazi ya ulinzi.

Uzito wa sifa mbaya huonekana katika aina ya kazi zilizopo. Zaidi ya kilimo, uvuvi na biashara ndogo, bonde lina kiwanda cha sukari cha Kilombero, mashamba ya misaji, reli ya TAZARA, na hifadhi za taifa za Milima ya Udzungwa na Nyerere zilizo jirani. Mtu aliyewahi kuwa askari angetegemea kupata kazi ya ulinzi au ya uaskari wa wanyamapori, maana ndiyo aliyoisomea. Lakini kazi hizo ndizo zinazouliza kwanza jinsi alivyotoka jeshini. Kwa hiyo ujuzi wake na sifa yake huvutana: kimoja kinamwita, kingine kinamfungia mlango.

Mfano wa kufikirika unaweza kusaidia. Askari anapewa likizo ya siku 14 kwenda kumuuguza mama yake katika kijiji kilicho mbali na Ifakara. Mvua za masika zinakata barabara, mama anazidiwa, naye anarudi kikosini baada ya siku 40 bila kutoa taarifa. Anaachishwa kwa utoro. Kosa lipo: alikuwa na wajibu wa kutoa taarifa hata kwa simu. Hata hivyo karatasi za hospitali, barua ya mtendaji wa kijiji na rekodi yake safi ya miaka iliyotangulia zinaweza kubadilisha uzito wa kosa hilo, ikiwa zitamfikia mwenye uamuzi mapema. Akirudi kulima mpunga kwa misimu mitatu ndipo aanze kuzitafuta, miezi 6 itakuwa imepita zamani, na huenda mtendaji aliyemjua amehamishwa.

Mtu wa Ifakara hana haja ya kwenda Dar es Salaam kwa kila hatua. Mahakama Kuu ina masjala ndogo mjini Morogoro, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawaruhusu watoa msaada waliosajiliwa, wakiwemo wasaidizi wa kisheria wa ngazi ya jamii, kuwahudumia wasio na uwezo wa kumlipa wakili. Msaidizi wa kisheria hawezi kusimama mahakamani kama wakili, lakini anaweza kumsaidia mwombaji kupanga nyaraka, kuandika barua na kuhesabu siku zilizobaki.

== Hoja za pande mbili ==

Wanaotetea ukali husema jeshi haliwezi kuendeshwa bila utii, kwa kuwa askari amekabidhiwa silaha kwa niaba ya watu wasio nazo. Yaliyotokea Colito mwaka 1964 hutajwa kuwa ushahidi. Husema pia kwamba cheti cha heshima kikitolewa kwa kila anayeomba, kitapoteza thamani kwa aliyekistahili.

Wanaotetea mapitio hawapingi nidhamu. Hoja yao ni kwamba kosa la siku moja lisifute utumishi wa miaka kumi bila mtu kusikilizwa, na kwamba uamuzi uliofanywa kwa haraka wakati wa hatari ustahili kuangaliwa tena hali inapotulia. Kisa cha Brownsville kilichukua miaka 66. Karibu askari wote walikufa wakiwa na sifa ambayo jeshi lenyewe lilikuja kuifuta.

== Tazama pia ==

* Jeshi la Wananchi wa Tanzania
* Jeshi la Kujenga Taifa
* King's African Rifles
* Ifakara
* Mto Kilombero